PWM inasumbua: mosfeti inaungua, mota inalia, redio inakwaruza

PWM ni kudhibiti nguvu ya mota au taa kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, kwa mapigo. Saketi yake ya volti 12 au 24 haina mambo mengi. Kuna kinachotoa mapigo, iwe 555 (aisii ya kuhesabu muda), Arduino au ESP32 (bodi ndogo unazoziandikia programu). Kuna mosfeti, swichi ya kielektroniki inayokata na kuunganisha mkondo; ina miguu mitatu: geti inayopokea amri, dreni upande wa mzigo, na sosi upande wa hasi. Kuna daiodi, kapasita mbili tatu, na mzigo wenyewe, yaani mota, pampu, feni au taa. Ikigoma, wengi hukimbilia kubadilisha aisii. Mara nyingi aisii ni nzima. Ubovu umejificha kati ya mguu wa geti na waya wa hasi, na huko ndiko pa kuanzia.

Jambo moja lieleweke kwanza, kwa sababu karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana nalo. PWM haipunguzi volti kama rezista inavyofanya. Feni ya volti 12 ikiwekwa kwenye dyuti (sehemu ya pigo ambayo umeme umewaka) ya asilimia 50 inapewa volti 12 zote kwa nusu ya kila pigo, kisha sifuri kwa nusu iliyobaki. Mosfeti inatakiwa iwe imewaka kabisa au imezima kabisa. Muda wowote inaokaa katikati, inabeba volti na mkondo kwa pamoja, na hapo imegeuka pasi.

Haya yote ni ya umeme wa DC wa betri. Usiyahamishie kwenye saketi iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230. Huko kosa dogo la kushika ncha ya mita linaua.

Vipimo vya kwanza

Kabla ya kuwasha, unga balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, mfululizo na waya chanya wa betri. Kama ni mfumo wa volti 24, tumia balbu ya lori. Mosfeti ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, mkondo hautazidi ampea 1.75 hivi, na hakuna kitakachoungua. Balbu moja kuukuu inaokoa mosfeti nyingi.

Kisha ipime mosfeti ikiwa nje ya bodi. Multimita iwe kwenye alama ya daiodi. Gusanisha kwanza geti na sosi kwa kibano ili chaji iliyobaki itoke. Ukiruka hatua hii, mosfeti nzima itaonekana imekufa, maana geti hutunza chaji na dreni huendelea kuwasiliana na sosi. Sasa weka ncha nyekundu kwenye sosi na nyeusi kwenye dreni: utasoma takribani 0.4 hadi 0.6. Geuza ncha, isisome kitu. Geti na sosi zisisome kitu upande wowote. Ikipiga mlio pande zote mbili, itupe.

Kipimo cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote. Rudisha mosfeti, washa, panga dyuti iwe asilimia 100, kisha pima volti za DC kati ya geti na sosi. Ncha nyeusi iguse mguu wenyewe wa sosi, si hasi ya betri. Waya mrefu wa hasi una volti zake zinazopotea njiani na zitakudanganya. Mosfeti ya kawaida inataka volti 10 au zaidi hapo. Zile za daraja la mantiki, zenye herufi L kama IRLZ44N, zinaridhika na 5. Baada ya hapo ondoa balbu ya majaribio, acha mzigo wa kawaida ufanye kazi, na upime kati ya dreni na sosi. IRFZ44N ikiwa imewaka vizuri ina ukinzani usiozidi miliohmu 17.5 ikiwa baridi, kwa hiyo kwenye ampea 5 utasoma chini kidogo ya volti 0.1. Ukisoma volti 1 nzima, hapo kuna wati 5 zinazogeuka joto, na umeshapata mchawi wako.

Angalizo kuhusu mita. Kwenye dyuti ya chini ya 100, alama ya DC ya multimita hukupa wastani: volti 12 kwa asilimia 25 husomeka 3. Lakini balbu au hita iliyopo hapo inapata joto sawa na la volti 6 za DC tulivu. Usomaji haujakosea, ni vitu viwili tofauti. Alama ya AC usiitumie kabisa kwa kazi hii.

Mosfeti inachemka hata mzigo ukiwa mdogo

Hii ndiyo kesi inayorudi kuliko zote, na chanzo cha kwanza ni geti kukosa volti za kutosha. Datashiti (karatasi ya sifa kutoka kiwandani) ya IRFZ44N inaandika kiwango cha kuanza kuwaka kuwa volti 2 hadi 4. Mtu anasoma 4, anaona Arduino inatoa 5, anaridhika. Lakini kiwango hicho ni pale ambapo mosfeti inapitisha maikroampea 250 tu, robo ya miliampea. Ule ukinzani mdogo uliotangazwa unapatikana geti ikiwa na volti 10. Kwa volti 5 mosfeti hii huenda ikaendesha feni ndogo bila shida, halafu ikaungua siku unapoweka pampu.

Zile bodi ndogo nyekundu zenye IRF520 zinazouzwa kama nyongeza ya Arduino zina tatizo hilo mara mbili. IRF520 si ya daraja la mantiki, na hata ukiipa volti 10 ukinzani wake unafika ohmu 0.27. Kwa ampea 5 hiyo ni wati 6.75. Kwa taa ya ampea moja inafaa. Kwa pampu, hapana. ESP32 nayo hutoa volti 3.3, na hata IRLZ44N imeahidiwa na datashiti kuanzia volti 4 tu. Hapo weka draiva, aisii inayopokea mapigo madogo na kuisukuma geti kwa nguvu. TC4420 inapokea mapigo ya volti 3.3, yenyewe inalishwa volti 12, na geti inapata volti 12 kamili. Bandika kapasita ya nanofaradi 100 na nyingine ya maikrofaradi 10 karibu kabisa na miguu yake ya umeme, la sivyo draiva yenyewe itayumba.

Chanzo cha pili: geti inachelewa. Geti ni kama kapasita, na IRFZ44N huhitaji chaji ya hadi nanokulombi 63 ili iwake. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kubadilishana rezista mbili: ile ya kilohmu 10 inayotakiwa kwenda kutoka geti hadi sosi imewekwa njiani kuelekea geti. Piga hesabu. Volti 5 kupitia kilohmu 10 ni miliampea 0.5, na kwa mkondo huo geti inahitaji maikrosekunde 126 kujaa. Pigo zima la kilohezi 20 lina maikrosekunde 50. Mosfeti haitawaka kikamilifu hata mara moja. Itabaki katikati siku nzima.

Draiva ikisukuma ampea 0.6 kupitia rezista ya ohmu 10, kazi hiyo inaisha kwa maikrosekunde 0.1 hivi. Tofauti ya joto ni kubwa mno. Kwa mzigo wa volti 12 na ampea 10 kwenye kilohezi 20, kuwaka na kuzima kukichukua maikrosekunde 2 kila kimoja, unapoteza wati 4.8 katika kubadili hali peke yake. Kukichukua 0.1, unapoteza wati 0.24.

Kwa hiyo rezista ya njiani kuelekea geti iwe ohmu 10 hadi 47 ikiwa kuna draiva, na ohmu 150 hadi 220 ikiwa pini ya Arduino inasukuma moja kwa moja, kwa kuwa pini hiyo haitakiwi kuvuka miliampea 40. Kuisukuma moja kwa moja kunakubalika kwenye hezi 490, masafa ya kawaida ya Arduino. Kwenye kilohezi 20, usijaribu.

Kuna na hesabu ya joto lenyewe. Umbo la TO-220 (lile la mosfeti hizi, lenye kibati mgongoni) bila hitisinki, yaani bati la kupoozea, hupanda takribani nyuzi 62 kwa kila wati. Ampea 10 kwenye IRFZ44N iliyowashwa vizuri ni wati 1.75, kwa hiyo ndani inapanda zaidi ya nyuzi 108 juu ya joto la chumba. Chumba kina nyuzi 32, tayari uko 140. Na ukinzani wa mosfeti huongezeka kadiri inavyochemka, kwa hiyo wati zinazidi, joto linazidi, mpaka inavuka nyuzi 175 ambazo ndiyo mwisho wake. Kuanzia ampea 5 hivi weka hitisinki na pasta ya kupitisha joto. Kumbuka kwamba kibati cha mgongoni kimeungana na dreni: mosfeti mbili zenye kazi tofauti zisikae kwenye hitisinki moja bila karatasi ya mika na bushi ya plastiki.

Kama geti ina volti 10, mapigo ni ya kasi, hitisinki ipo, na bado volti kati ya dreni na sosi ni mara kadhaa ya hesabu, mosfeti hiyo ni feki. Ziko nyingi madukani zikiwa na chapa nzuri mgongoni. Badilisha muuzaji.

Haichemki, lakini inakufa ghafla

Mosfeti ya volti 55 inakufaje kwenye betri ya volti 12? Hapa mtuhumiwa ni koili, ambayo ikikatiwa mkondo ghafla hurusha volti kubwa, na koili si ile ya mota pekee. Waya wa kawaida una takribani maikrohenri 1 kwa kila mita. Betri ikiwa mita moja kutoka kwenye bodi, kwenda na kurudi ni maikrohenri 2. Ukikata ampea 10 ndani ya nanosekunde 100, waya huo peke yake unajaribu kurusha volti 200. Hazitafika 200 kwa sababu mosfeti itazimeza kwenye 55 na kidogo, mara 20,000 kwa sekunde, mpaka ichoke.

Dawa ni kapasita ya elektrolaiti ya maikrofaradi 1000, volti 25, aina ya ukinzani mdogo wa ndani, pamoja na ya nanofaradi 100, ziwekwe sentimita chache kutoka kwenye mosfeti: kati ya chanya cha mzigo na sosi. Kapasita ileile ikiwekwa kwenye ncha za betri haisaidii kitu, maana waya mbaya umebaki kati. Kwa mfumo wa volti 24 chukua ya volti 50.

Halafu daiodi ya kurudisha mkondo wa mota. Lazima iwepo kwenye ncha mbili za mota, mstari wake ukielekea chanya, na lazima iwe ya haraka. 1N4007 inatosha kwa rilei inayozimwa mara moja moja, lakini kwenye PWM ya kilohezi kadhaa haiwahi kuzima kabla pigo jipya halijafika. Kila mosfeti inapowaka inakuta daiodi bado iko wazi na inapitisha shoti fupi. Dalili yake ni daiodi na mosfeti kuchemka pamoja. Tumia Schottky, aina ya daiodi ya haraka: 1N5822 kwa mota ndogo hadi ampea 3, MBR2045CT kwa kubwa zaidi ikiwa na hitisinki. Hizi mbili ni za volti 40 na 45, zinafaa mfumo wa volti 12. Kwa 24 tafuta ya volti 60 au 100.

Kwenye magari ya volti 24 kuna mtego mwingine: geti haivumilii zaidi ya volti 20 na 555 ya kawaida haivumilii zaidi ya 16. Washushie volti hadi 12 kwa regyuleta, na uweke zena (daiodi inayozuia volti zisipite kiwango chake) ya volti 15 kati ya geti na sosi.

Mota haizimi hata dyuti ikiwa sifuri

Pima geti. Ikiwa ni sifuri na mota inazunguka, mosfeti ina shoti au dreni na sosi zimegeuzwa, na mkondo unapita kwenye daiodi ya ndani. Pia angalia kama waya wa hasi wa mota unagusa chasi. Ukigusa, mosfeti imerukwa kabisa.

Ikiwa geti ina volti wakati programu inasema sifuri, angalia draiva. TC4429 inafanana na TC4420 kwa umbo na miguu lakini inageuza mapigo. Na kama mota inashtuka tu wakati wa kuwasha, kisha inatulia, ni kwamba pini za Arduino huelea, yaani hazijashikwa kwenye volti yoyote, mpaka programu ianze. Rezista ya kilohmu 10 kutoka geti hadi sosi inamaliza. Ukiwa na draiva, weka nyingine kwenye mguu wake wa kuingilia.

Mota inalia kama filimbi, au haianzi mpaka uisukume

Mlio ni masafa ya PWM yenyewe. Arduino Uno hutoa hezi 490 kwenye pini nyingi na 980 kwenye pini 5 na 6, zote ndani ya usikivu wa sikio. Pini 9 na 10 unaweza kuzipandisha hadi kilohezi 31.37 kwa mstari mmoja ndani ya setup, sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja mwanzoni:

TCCR1B = (TCCR1B & 0b11111000) | 0x01;

Sikio halitasikia tena. Ila umeongeza mara 64 idadi ya kuwaka na kuzima, na joto la kubadili hali nalo mara 64. Kama hukuweka draiva, rudi kwenye sehemu ya mosfeti inayochemka kabla ya kuandika mstari huu. Kwa 555 yenye potenshometa ya kilohmu 100 na daiodi mbili za 1N4148, kapasita ya nanofaradi 10 inatoa kilohezi 1.4, ya nanofaradi 1 inatoa 14.

Mota isiyoanza kwenye dyuti ndogo mara nyingi haina ubovu. Msuguano wa kuanzia ni mkubwa kuliko nguvu inayopewa. Ipe asilimia 100 kwa milisekunde 200, kisha shusha. Lakini kama inazunguka kwa uvivu hata kwenye 100 na unatumia L298N, aisii ya kuendeshea mota, pima volti kwenye ncha za mota. Aisii hiyo ni ya transista za kizamani na inakula kati ya volti 1.8 na 3.2 kwa ampea moja. Kwenye betri ya volti 6 huenda umepoteza nusu.

Feni za kompyuta zenye waya 4 zina njia yake: umeme wa volti 12 unabaki bila kukatwa, na mapigo ya kilohezi 25 yanaingia kwenye waya wa nne. Ukikata waya wa umeme, saketi iliyo ndani ya feni inachanganyikiwa.

Bodi inajirestati, servo inatetemeka

Waya wa hasi wa mota unapitia kwenye bodi ya Arduino. Kila pigo linaisukuma hasi ya bodi juu kwa sehemu ya volti, na maikrokontrola inaona umeme umeanguka. Peleka hasi ya mota moja kwa moja kwenye hasi ya kapasita kubwa, na kutoka nukta hiyohiyo vuta waya mwembamba wa hasi kwenda Arduino. Nukta moja, waya mbili.

Kwa servo, mota inayojipanga kwenye pembe unayoiambia, upana wa pigo haubebi nguvu, unabeba ujumbe. Pigo la milisekunde 1 hadi 2, mara 50 kwa sekunde, linaiambia ikae pembe gani. Hasi ikiyumba, ujumbe unayumba. Ipe umeme wake wa volti 5, uunganishe hasi pamoja, na usiilishe kutoka pini ya 5V ya Arduino.

Taa zinapepesa kwenye kamera

Jicho linaona sawa, simu inaonyesha mistari. Pandisha masafa kutoka 490 hadi kilohezi kadhaa. Ikiwa macho yenyewe yanaona mwanga ukiruka kwa hatua unapokuwa mdogo, tatizo ni hatua 256 za dyuti: kutoka 1 hadi 2 mwanga unakuwa maradufu. Tumia hatua 1024 au zaidi. Na kwa jicho, nusu ya mwanga iko karibu na dyuti ya asilimia 22.

Redio inakwaruza PWM ikiwashwa

Redio ya AM husoma ukubwa wa wimbi, na makelele ya mapigo nayo ni mabadiliko ya ukubwa, kwa hiyo yanaingia bila kuzuiwa. FM husoma mabadiliko ya masafa na ndiyo maana huteseka kidogo. Mapigo ya kilohezi 20 huacha nyayo kila kilohezi 20, kwenye 540, 560, 580 na kuendelea, yaani bendi nzima ya masafa ya kati.

Redio yenyewe ndiyo kifaa cha kutafutia. Itune mahali pasipo na stesheni, ishike mkononi, ipitishe polepole juu ya bodi, juu ya waya za betri, juu ya waya za mota. Pale inapokoroma zaidi ndipo pa kutibu. Mara nyingi ni waya za mota zilizoachwa zikiwa mbalimbali kama kamba ya kuanikia. Zisokote pamoja mwanzo hadi mwisho. Mota ya brashi iwekewe nanofaradi 100 ya kauri kwenye ncha zake. Bado? Pandisha rezista ya geti kutoka ohmu 10 hadi 47 na upime joto upya, maana unanunua utulivu wa redio kwa joto la mosfeti.

Chaji kontrola ya sola: paneli kubwa, chaji ndogo

Kontrola ya PWM, kifaa kinachosimamia chaji ya sola, huunga paneli moja kwa moja na betri. Paneli ya wati 250 yenye seli 60 hufanya kazi vizuri kwenye volti 30 na ampea 8.3 hivi. Betri ikiwa na volti 13, unapata 8.3 mara 13, wati 108, na zilizobaki hazivunwi kabisa. Kontrola haijaharibika. Kwa betri ya volti 12 tumia paneli ya seli 36, kwa 24 ya seli 72. Ya seli 60 inataka kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa mkondo wa chaji.

Volti za paneli zikirukaruka betri inapokaribia kujaa, hiyo ni PWM ikifanya kazi. Ila kama kontrola ya kujitambua inachaji betri ya 12 kama ya 24, huenda paneli iliungwa kwanza. Chomoa vyote, anza na betri, kisha paneli, kisha taa.

Mwisho, betri inayochemka kwa kuzidishiwa chaji, au taa ambazo kontrola haizizimi. Kontrola nyingi za bei nafuu huunganisha chanya zote ndani na kukata upande wa hasi. Ikiwa haijaungwa na kitu, pima mlio kati ya tundu la chanya cha betri na la chanya cha paneli. Ukilia, ni ya aina hiyo: hasi ya paneli, hasi ya betri na hasi ya taa zisikutane popote nje ya kontrola, si kwenye chasi ya gari, wala kwenye sanduku la chuma, wala kwenye waya wa arthi.